Gurudumu la Kulia Lilirudi Nyuma

Siku kazi zilipogawanywa sikusema kitu, na hivyo ndivyo nilivyopata programu.

Tulikuwa vijana watatu na mwalimu mmoja katika chumba cha nyuma cha shule moja ya mtaa wa Bwiza, chumba kilichokuwa kinawekwa madawati yaliyovunjika. Juu ya meza palikuwa na sanduku tuliloazimwa. Ndani yake mlikuwa na mota mbili, magurudumu, vipande vya bati vyenye matundu, betri moja, kibao cha kijani ambacho ndicho akili ya roboti, na kompyuta ya kuandikia yale ambayo akili hiyo itayafuata. Mwalimu alikuwa wa fizikia; sote tulimwita Prof. Aliuliza kila mmoja anataka kazi gani. Msichana wa lise, aliyekuwa karibu kumaliza sekondari na ambaye sauti yake haikutetemeka hata mbele ya watu wazima, alisema atakuwa kapiteni na atazungumza na wageni kwa Kifaransa. Kijana mwenye mikono mipana, mwanafunzi wa lise hiyohiyo na mtoto wa fundi wa magari, alisema atajenga roboti na hataki mtu amsaidie. Tangu hapo tulimwita Fundi. Mimi nilikuwa naangalia mguu wa meza.

"Imebaki programu," Prof alisema.

Wote wakaniangalia. Nilitaka kusema sijui. Lakini kusema sijui nako ni kusema, na maneno yangu huchelewa kufika mdomoni. Yalipokuwa yanakaribia, Prof alikuwa ameshaandika.

Mimi sikuwa mwanafunzi wa lise. Niliishia darasa la sita. Mtihani wa kwenda mbele niliufanya mara mbili, na mara zote mbili muda uliisha nikiwa katikati ya karatasi, kwa sababu naandika polepole. Kila herufi naitengeneza kama mtu anayepinda chuma. Baadaye baba mdogo akanichukua kwenye garaji yake ya mtaa wa Buyenzi. Huko ndiko Prof alikonikuta, siku alipoleta pikipiki yake. Aliniona nikiyeyusha risasi kuunganisha waya wa taa, akasimama muda mrefu kuliko pikipiki ilivyohitaji, kisha akamwambia baba mdogo kwamba timu yake inataka vijana wa umri wangu na haiulizi mtu ana diplome gani. Baba mdogo aliniruhusu Jumatano mchana na Jumamosi asubuhi. Alisema niende nikajifunze, ila nirudi na vidole vyote.

Kwenye garaji yetu, na za majirani pia, kuna sheria mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho. Mtu akilegeza nati au akigeuza waya, anafunga kitambaa chekundu palepale alipogusa, na kitambaa hakitoki mpaka mwenzake aje aone. Ukipita asubuhi utakuta magari yamefunguliwa midomo na vitambaa vinaning'inia ndani. Sheria ya pili haisemwi na mtu, lakini kila mwanagenzi anaijua kabla ya wiki kwisha: ukikosea, rekebisha kabla mwenye gari hajarudi, kisha nyamaza. Nilipoanza kwenda Bwiza nilikwenda na hiyo ya pili peke yake. Kitambaa nilikiona ni jambo la watu wa mafuta machafu. Nilikionea haya, mbele ya watu wa lise.

Maneno ya programu yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nina Kirundi, nina Kiswahili, na nina Kifaransa cha kusalimia. Kapiteni alikisoma kijitabu cha maelekezo kwa Kifaransa, akanieleza kwa Kiswahili, na mimi nikayanakili maneno ya Kiingereza kwenye daftari kama mtu anayenakili picha: hili ni la kuwasha, hili ni la kungoja, hili ni la kurudia. Kisha niliyatafuta kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Kapiteni alivumilia mwanzoni. Baadaye alianza kupiga kalamu mezani nilipokuwa natafuta herufi, na kila alipoipiga herufi ilijificha zaidi.

Nikikosea, kompyuta ilitoa maandishi mekundu. Kompyuta haikasiriki, lakini wakati ule sikujua. Niliyaona yale maandishi kama ya mwalimu wangu wa darasa la sita, na mara nyingine nilifunika kioo kwa kiganja ili wengine wasiyaone.

Wiki mbili zilipita kabla ya kitaa kidogo kwenye kibao cha kijani kuwaka na kuzimika kama nilivyokiambia. Kiliwaka mara tano. Nilihesabu, kwa sababu nilikuwa nimeandika tano. Niligeuka kuona kama kuna mtu ameona. Fundi alikuwa anakata bati, kapiteni alikuwa nje. Nikakiwasha tena, peke yangu. Siku ile nilikwenda nyumbani kwa miguu, na nadhani nilikuwa nacheka, kwa sababu mama mmoja muuza ndizi aliniuliza kuna nini.

Jumatano iliyofuata Prof alitueleza jambo ambalo wenzangu walikuwa wanalijua. Sanduku halikuwa letu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi waliotuazima wangekuja kuangalia, na roboti ingetakiwa kuanzia mlangoni, itembee yenyewe bila kushikwa mpaka kwenye mstari wa chaki chini ya ubao, isimame hapo. Isipofanya hivyo, sanduku zima pamoja na kompyuta lingekwenda kwa vijana wa mtaa mwingine waliokuwa wanalingoja.

Kapiteni angebaki na lise yake. Fundi angebaki na lise yake. Mimi sikuwa na kompyuta nyingine wala meza nyingine, na tangu darasa la sita hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika jina langu kwenye orodha ya wanafunzi.

Fundi alimaliza kuijenga roboti zikiwa zimebaki wiki mbili. Tuliiweka mlangoni Jumamosi asubuhi, nikabonyeza. Gurudumu la kushoto lilikwenda mbele. La kulia lilirudi nyuma. Roboti ikazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala.

"Petit, umeifundisha kucheza?" Fundi aliniuliza; Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyoniita. "Sisi tulisema itembee."

Kapiteni alicheka, Prof pia kidogo. Betri ikaisha. Betri ilikuwa moja na ilikuwa imezeeka. Ilitupa dakika chache tu kisha ilitaka kuchajiwa muda mrefu, na umeme wa Bwiza ukienda hauagi. Kwa hiyo kila tulipokutana tulijaribu mara moja, basi.

Nilijua la kufanya. Katika programu palikuwa na namba ya kila gurudumu. Namba ikiwa wazi, gurudumu linatakiwa kwenda mbele. Ukiitangulizia kistari, alama ya kutoa, linazunguka kinyume. Lakini siwezi kuandika nikiangaliwa. Nilingoja mpaka walipotoka kununua maandazi, nikaweka kistari mbele ya namba ya gurudumu la kulia, nikachomeka waya, nikaituma programu kwenye kibao. Walipoingia nilikuwa nimekaa mikono magotini. Sikusema nimefanya nini. Mwenye gari hajarudi, nimerekebisha, nimenyamaza. Nikaaga, na Fundi, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati, akabaki kuifungia roboti.

Jumatano roboti ilizunguka.

Nilifungua programu nikakuta kistari kipo pale nilipokiweka. Kichwa changu kilipata moto. Kama namba ikiwa wazi inazunguka, na ikiwa na kistari inazunguka, basi kuna kitu ambacho mimi sikijui, na sikijui kwa sababu sikusoma. Nilipobaki peke yangu nilikitoa kistari. Jumamosi roboti ilizunguka. Nikakirudisha.

Pale kwenye garaji nilianza kuharibu. Nilimwaga maji mahali pa mafuta, baba mdogo akaniuliza kama naumwa. Chini ya gari nilikuwa naona namba na kistari. Nilifikiri kosa liko mahali pengine, juu huko mwanzoni, katika maneno niliyoyanakili bila kuyaelewa, kwa hiyo nikaamua kuandika programu yote upya kutoka mstari wa kwanza. Kwa kidole kimoja, kazi hiyo ilikula saa zote nilizokuwa nazo. Mistari mitatu ya kuisimamisha roboti kwenye chaki, ambayo kapiteni alikuwa ameshanieleza vizuri, ilibaki kwenye daftari. Nilijiambia, kusimama ni kwa roboti inayotembea. Yetu haitembei.

Jumatano ya mwisho ilizunguka tena. Safari hii Fundi hakutania. Aliiangalia roboti kwa macho ambayo sikuyaelewa, kisha akasema ameitwa nyumbani kwao na akaondoka kabla ya wakati, akamwachia Prof ufunguo. Kapiteni alisimama katikati ya chumba.

"Mi sitaki kukuvunja moyo," aliniambia. "Lakini Jumamosi nitasimama mbele ya watu niseme nini? Niseme tulijifunza kuzunguka?"

Akamgeukia Prof akamwambia bora programu apewe mtu mwingine.

"Mwingine ni nani?" Prof aliuliza.

Nafikiri kama wangenifukuza ingeuma kidogo kuliko vile. Nilibaki kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yangu. Walipotoka nilikitoa kistari kwa mara ya pili, bila tumaini lolote, kama mtu anayefuta vumbi kwenye gari lililokufa. Nilituma programu. Prof alifunga kabati. Njiani niliamua kwamba Jumamosi nitafika mapema, kabla ya wengine, nimwambie Prof kwamba naacha. Mbele ya watu nisingeweza.

Maneno niliyatayarisha siku mbili. Prof, asante, mimi nirudi garajini. Yalikuwa machache na nilikuwa nayaweza.

Jumamosi nilikuta mlango wa chumba uko wazi, lakini Prof hakuwepo. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni. Roboti ilikuwa imelala mgongo mbele yake, na mkononi alishika koleo. Waya mwekundu wa mota ya kulia ulikuwa umeshatoka mahali pake.

"We, unafanya nini?" nilisema.

Alishtuka, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine. "Ah, ni we. Funga mulango." Nilifunga. "Nimechukua ufunguo kwa Prof. Nageuza hizi nyaya. Usimwambie kapiteni. Nilizifunga vibaya toka mwanzo, nikaona haya. Nazigeuza, inarudi nyuma. Nazigeuza tena, inarudi nyuma. Hii mota iko na shetani."

"Unageuza lini?"

"Kila siku yenye inagoma. We ukienda, mi nageuza, kisha nafunga kabati. Jumatano tu ndio sikupata nafasi."

Kila mtu aliyewahi kushika mota anajua kwamba ukibadilisha nafasi za nyaya zake mbili inazunguka kinyume. Kistari changu kilikuwa kinafanya kazi hiyohiyo. Nilisimama nikahesabu kwa vidole, kama mtoto. Mimi nageuza kwenye kompyuta, yeye anageuza kwenye waya, siku hiyohiyo, na gurudumu linabaki lilivyokuwa. Ila Jumatano niligeuza mimi peke yangu, kwa hiyo sasa lilikuwa sawa. Nilihesabu mara mbili ili niwe na hakika, maana sikuwa na hakika na kitu chochote tena. Yeye alikuwa anapeleka waya mwekundu upande mwingine.

"Usiguse."

Nilisema kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Mkono wake ukasimama.

"Mi pia nageuza," nilimwambia. "Kwa programu. Kila siku yenye we unageuza, na mimi nageuza."

Fundi alikaa chini kabisa, miguu mbele, koleo mapajani. Aliangalia roboti, akaniangalia mimi. Kwao pia ni garaji. Kitu hiki hakikuhitaji kuelezwa.

"Na kitambaa?" aliniuliza.

"Niliona haya."

"Mi pia," alisema. Baadaye akasema, "Watoto wa garaji wawili. Baba akisikia hii atanipiga na kitambaa chenyewe."

Tuliurudisha waya mwekundu ulipokuwa tangu Jumamosi iliyopita. Tukaiweka roboti sakafuni, tukaiwasha kwa muda wa pumzi moja. Ilikwenda mbele hatua mbili, moja kwa moja, na mimi nikaizima haraka ili betri isiishe. Fundi alinipiga bega, na bega liliuma mpaka mchana. Lakini mimi nilikuwa nimeshafungua daftari. Mistari mitatu ya kusimama. Niliketi mbele ya kompyuta nikaanza kutafuta herufi. Mstari wa kwanza ulikubali. Wa pili ulileta maandishi mekundu, nikaurekebisha. Nilikuwa natafuta herufi ya tatu ya mstari wa tatu niliposikia Kifaransa mlangoni.

Waliingia wawili, mama mmoja mwenye miwani na mwanamume aliyeshika karatasi, pamoja na Prof na kapiteni. Kapiteni alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi na alianza kuzungumza vizuri sana, nilijivunia kumjua. Mimi nilikuwa nimeinua kidole changu juu ya kompyuta, na kidole hakikushuka. Nilikiambia kishuke. Mwanamume alisogea akasimama nyuma ya bega langu kuangalia, na basi, ikawa imekwisha. Kwenye kibao cha kijani ilibaki programu ya Jumatano, isiyojua kusimama.

Roboti ilitoka mlangoni. Ilitembea. Nilimsikia kapiteni akikatiza sentensi yake katikati, kwa sababu yeye alikuwa hajui kwamba itatembea. Ilipita kati ya miguu ya madawati, magurudumu yote mawili mbele, ikanyooka kama iliyopigiwa rula. Ilifika kwenye mstari wa chaki. Ikaupita. Ikagonga ukuta chini ya ubao, na ikaendelea kuusukuma ukuta, magurudumu yakisaga saruji, mpaka Fundi alipoinama akainyanyua.

Mwanamume aliandika. Mama mwenye miwani aliuliza nani ameandika programu, na kapiteni akanionyesha. Aliuliza kwa nini haikusimama. Prof alinitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa, nafikiri alitaka kunipa muda. Niliwaambia. Nilizungumza kwa Kiswahili, polepole, nikiangalia kibao cha kijani na si watu. Nilisema mimi na huyu tulikosea kitu kimoja, kila mmoja akakirekebisha kwa siri, na kila mmoja aliharibu alichofanya mwenzake, na siku za kuandika kusimama ziliishia hapo. Fundi hakuinua kichwa. Kapiteni alinitazama muda wote, kalamu yake haikupiga popote.

Yule mama aliomba kuona mahali kistari kilipokuwa. Nilimwonyesha. Akainama, akaandika alama moja mwanzoni mwa mstari mtupu, alama inayofanana na kidirisha chenye nondo. Alieleza kwamba kompyuta ikikuta alama hiyo inaruka, haisomi chochote kinachofuata baada yake kwenye mstari huo. Hapo mtu anaandika amegusa nini na kwa nini. Hayo ni kwa ajili ya watu, alisema, kwa yule atakayefungua baada yako.

Niliangaliana na Fundi. Hakucheka, na mimi sikucheka. Zaidi ya mwezi mmoja nilikuwa mbele ya kompyuta ile na ilikuwa na mahali pa kufungia kitambaa.

Kapiteni aliomba wiki mbili zaidi. Aliomba kwa Kifaransa kizuri kuliko kile cha hotuba yake, kwa sababu hiki hakuwa amekitayarisha. Mwanamume alitikisa kichwa na kusema vijana wale wengine wameshaambiwa, wanangoja leo. Hakusema kwa ubaya. Gari lilikuwa nje, injini haijazimwa.

Fundi alianza kupanga vitu sandukuni. Prof aliweka mkono kwenye kompyuta ili aifunge, na hapo nikamwomba dakika moja. Alitoa mkono.

Haikuwa dakika moja. Nilirudi kwenye ule mstari wenye alama, nikaanza kuandika baada yake kwa kidole kimoja, watu wote wamesimama. Dereva alipiga honi. Yule mama alitoka mlangoni akamwambia kitu na honi haikurudi. Niliandika kwa Kiswahili kwa kuwa sina kingine: waya wa kulia umefungwa sawa, usiweke kistari hapa, ukigusa mwambie mwenzako. Kapiteni alikuja akasimama kando yangu, akasoma kila herufi ilipokuwa inatokea, na hakuniambia ijayo iko wapi.

Nilipomaliza Fundi alikuwa ametoa kitambaa mfukoni mwake, kipande chekundu kilichokolea grisi. Alikifunga kwenye waya wa mota ya kulia, akakaza fundo kwa meno. Kisha akafunika sanduku, tukalibeba mimi na yeye mpaka kwenye gari.